Bagamoyo: Tuanze na Mapaa

Boma la Wajerumani pale Bagamoyo lilijengwa mwaka 1897. Miaka mia baadaye, mvua za El Niño za 1997/98 zikaangusha sehemu yake. Tangu hapo mjadala wa utalii mjini humo umekuwa ukizungushwa kwenye barabara, hoteli na matangazo. Mimi ningeanza na mapaa.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Ukuta wa chokaa hupumua: unyevu ukiingia, hutoka. Ukiupiga plasta ya saruji, kama walivyofanya wengi kwa nia njema kabisa, maji na chumvi hunasa ndani, na haipiti misimu mingi plasta inabanduka na kung'oka na jiwe lililo nyuma yake. Huko juu nako boriti zikioza, dari inashuka na mvua inaushambulia ukuta kuanzia kichwani.

Turudi basi kwenye vifaa vya asili? Ni rahisi kusema. Zamani chokaa ilichomwa kutokana na matumbawe, ambayo leo tunajua ni mazalia ya samaki, na mikoko ni misitu ya hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Hapo kisa kinanoga, maana serikali ilipovikabidhi vituo vya mambo ya kale kwa taasisi za maliasili, magofu ya Kaole na Mji Mkongwe wa Bagamoyo viliangukia TFS hiyo hiyo. Kuna waliouliza, misitu na magofu wapi na wapi? Kwangu ni bahati. Anayeilinda mikoko ya delta ya Ruvu sasa anazilinda na dari zinazoihitaji. Anaweza kutenga eneo dogo, akatoa kibali cha boriti za ukarabati tu, na akasimamia upandaji wa miche mipya. Chokaa nayo inaweza kutoka Tanga, ambako mawe yake huchimbwa nchi kavu.

Kinachobaki ni fedha na wenye nyumba. Dar es Salaam iko kilometa 70 hivi tu, kwa hiyo mgeni anaweza kuja asubuhi na kurudi jioni. Anapita Kaole, anatazama msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, anauzunguka mbuyu. Anakwenda Misheni, iliyoanza mwaka 1868, kwenye mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Anapiga picha, anaondoka. Mji umebakiwa na kiingilio na bei ya soda. Mgeni anayelala ndiye anayekula chapati ya mama lishe asubuhi na kurudi usiku kusikiliza ngoma, na angelala kwenye nyumba ya mwenyeji, dari ingepata mtu wa kuitengeneza.

Lamu inatupa onyo. Iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, na kule Shela nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni kutoka Ulaya. Zimekarabatiwa vizuri mno, nyingine hufungwa sehemu kubwa ya mwaka. Kuta zimepona, majirani wamehama. Bagamoyo tatizo ni jingine: nyumba ya mirathi ina warithi kumi, wametawanyika Dar, Unguja na Muscat, na hakuna anayetaka kuezeka paa la ndugu zake. Bila msaada wa kisheria wa kugawana au kukodishana nyumba hizo, mnunuzi wa kwanza mwenye fedha ndiye atakayewapatanisha.

Wapo wanaouona utalii mdogo mno ukilinganishwa na bandari ya Mbegani, mradi wa dola bilioni 10 uliosainiwa mwaka 2013 na kusimamishwa 2019. Kwa hesabu hawakosei. Lakini bandari ikija, nyumba za mjini zitakuwa na wateja wengi zaidi, na mirathi ile ile itauzwa haraka zaidi.

Tahadhari nyingine inatoka Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambako wakazi wa Uvinje wamevutana na hifadhi kwa miaka mingi kuhusu mpaka. Bagamoyo mnada wa samaki ungali ukipigwa karibu na jengo la zamani la forodha, kwa harufu na kelele zake. Siku mtaalamu wa mipango atakapotaka kuusogeza ili ufuko uwe msafi kwa wageni, wavuvi wawe wameshakaa kwenye kikao hicho.

Pendekezo langu ni dogo: sehemu ya kiingilio cha Kaole iingie kwenye mfuko wa kukarabati nyumba zinazokaliwa na watu, hesabu zake zibandikwe ofisi ya mtaa, na anayepewa boriti afungwe na mkataba wa kutouza nyumba kwa muda maalumu. TaSUBa, ambayo ilianza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, ifungue darasa la uashi wa chokaa. Mafundi wazee waitwe wafundishe, na walipwe.