Open ya Nani?

Neno "open" katika gofu lina maana moja: mashindano yaliyo wazi kwa yeyote anayeweza kucheza, awe mchezaji wa kulipwa au wa ridhaa, awe bwana au kedi anayembebea mkoba. Hiyo ndiyo ahadi iliyo ndani ya jina. Sasa tuchukue Kenya Open, inayochezwa tangu 1967, tuiulize swali ambalo watu wa Nairobi huwa wanalipita kando kama matatu inavyokwepa shimo: wazi kwa nani?

Mimi ni mtu wa Parklands. Kutoka Highridge hadi Muthaiga Golf Club, kama hakuna jam, ni dakika chache kwa boda. Katikati hapo kuna City Park, takriban hekta 60 zilizosalia baada ya wanyakuzi kumega vipande vyao, na ndani yake kuna kaburi la Pio Gama Pinto na la Joseph Murumbi. Kuna mtaa wa Deep Sea, mabati yamebanana kando ya mto. Halafu unaanza ua mrefu, na nyuma ya ua kuna kijani kibichi kinachomwagiliwa maji hata wakati mifereji yetu imekauka. Mtoto wa Deep Sea anaweza kuishi miaka kumi na minane karibu na uwanja ambao dunia nzima inaujua kwa televisheni, na asiwahi kuukanyaga hata siku moja. Huyo mtoto ndiye ninayemuuliza swali la "open".

Historia kwanza, kwa sababu kuna watu wanadhani kutengwa kwetu kulianza jana. Kenya Open ilizaliwa miaka minne tu baada ya uhuru, kisha ikawa sehemu ya Safari Circuit, ule mzunguko uliowaleta Afrika wachezaji wa Uingereza na Ulaya wakati kwao kuna baridi na viwanja havichezeki. Walikuja kupasha misuli. Na walinufaika vizuri sana. Seve Ballesteros alishinda hapa 1978, akiwa na miaka 20. Mwaka uliofuata akabeba Open ya Uingereza. Ian Woosnam alishinda 1986, na 1991 akavaa koti la kijani la Masters. Trevor Immelman wa Afrika Kusini alishinda 2000, akaja kuchukua Masters 2008. Waandaaji hupenda kutaja majina haya kila mwaka, kama mzee anayehesabu wageni mashuhuri waliowahi kulala nyumbani kwake. Sawa, ni fahari. Lakini hesabu upande wa pili: tangu 1967 hakuna Mkenya hata mmoja aliyeshinda Kenya Open. Hata mmoja, bana. Aliyekaribia zaidi ni Jacob Okello, 1998, aliyefika mashimo ya ziada akashindwa na Ricardo González wa Argentina. Tunamkumbuka Okello kama vile wengine wanavyokumbuka ubingwa.

Mwaka 2019 mashindano yalipanda daraja, yakatoka mzunguko wa pili wa Ulaya na kuingia mzunguko mkuu, ule ambao kuanzia msimu wa 2022 unaitwa DP World Tour. Tuliambiwa enzi mpya imefika. Tuitazame basi. 2019, Karen: Guido Migliozzi, Mwitaliano. 2020 korona ikafuta kila kitu. 2021: Justin Harding wa Afrika Kusini, na wiki iliyofuata, kwenye shindano la nyongeza la Kenya Savannah Classic, Daniel van Tonder, naye wa Afrika Kusini. 2022, Muthaiga: Ashun Wu wa China. 2023: Jorge Campillo wa Uhispania. 2024: Darius van Driel wa Uholanzi. 2025: Jacques Kruyswijk, Afrika Kusini tena. Fungu la zawadi la 2025 lilikuwa dola milioni 2.5, takriban shilingi milioni 320, na mshindi hubeba asilimia 17 ya fungu, yaani kama milioni 55. Baada ya raundi mbili wanabaki wachezaji 65 bora na waliofungana nao. Anayekosa mchujo Ijumaa jioni hapati hata senti ya lile fungu. Na Wakenya wetu, tuseme ukweli, wengi wao Ijumaa jioni huwa wanafunga mikoba.

Hapo ndipo mjadala wetu hukwama. Kila mwaka tunawalaumu vijana. Ati hawana moyo, ati wanaogopa kamera. Hakuna anayeuliza huyo kijana alicheza mashindano mangapi ya kiwango hicho kabla ya hiyo Alhamisi asubuhi. Mpinzani wake anatoka kwenye msimu ulioanza miezi kadhaa nyuma, amepita Dubai mwezi wa Januari kwenye fungu la dola milioni 9, ana kocha, ana mtu wa misuli, ana mtu wa akili. Wetu anatoka Mumias au Thika kwa basi. Halafu unashangaa mikono inatetemeka?

Na msimu wenyewe uendako si siri. Unaitwa Race to Dubai, na unafungwa Novemba kule Jumeirah kwa fungu la dola milioni 10. Wiki yetu ni kituo kidogo njiani, kama Mtito Andei kwa basi la Mombasa: watu wanashuka, wananyoosha miguu, wanapanda tena. Rory McIlroy ameongoza huo mbio wa Dubai miaka minne mfululizo, 2022 hadi 2025, na katika miaka hiyo hakuonekana Kenya Open. Simlaumu. Pesa ziko kwingine, na tangu Wasaudi waanzishe LIV mwaka 2022 kwa mafungu ya dola milioni 25, pesa zimezidi kuwa kwingine.

Kitu kinachonikera ni kingine. DP World ni kampuni ya bandari ya Dubai. Si mwenye mali wa mzunguko huu, ni mdhamini mkuu aliyenunua jina. Jina hilohilo lilipofika Dar es Salaam mwaka 2023, ndugu zetu Watanzania walibishana nchi nzima. Bungeni, makanisani, vijiweni, hadi Mahakama Kuu kule Mbeya. Walitaka kujua masharti: miaka mingapi, nani anapata nini, nani anaweza kuvunja. Mkataba ukasainiwa Oktoba, wa miaka 30, na wengine hawakuridhika, lakini angalau waliuliza. Sisi tumetoa jina la nchi, pamoja na wiki nzima ya runinga, na pesa za umma kupitia nembo ya Magical Kenya, na sijasikia mtu yeyote akiuliza masharti kwa sauti. Najua gofu si bandari. Lakini pesa ya mlipa kodi ni ileile, iwe imenunua gati au nyasi.

Nitajibiwa kwamba gofu ni mchezo wa gharama na hatuna utamaduni wake. Hiyo hoja inawafaa watu wasiokaa Parklands. Hapa kwetu, kando ya ile Forest Road ambayo siku hizi ni barabara ya Profesa Wangari Maathai, kuna Sikh Union, leo Simba Union. Klabu za namna hiyo zilijengwa na watu waliofungiwa milango ya klabu za Wazungu wakati wa ukoloni, nao wakaamua kucheza hoki kwao. Matokeo? Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne, 1960 hadi 1972, na Kenya ikawa ya nne duniani kwenye Kombe la Dunia la hoki kule Barcelona 1971. Kriketi nayo: Steve Tikolo aliichezea Swamibapa, klabu ya Wagujarati, na mwaka 2003 akaiongoza Kenya hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia. Kriketi ni mchezo wa bei rahisi? Hoki? Palipokuwa na kiwanja kilichofunguliwa na mechi kila Jumamosi, wachezaji walitokea. (Kwamba baadaye tuliiharibu michezo yote miwili kwa mikono yetu, hiyo ni makala nyingine, na nitahitaji panadol kabla ya kuiandika.)

Gofu pia ina shule yake, ila wanafunzi wake hatuwaiti wanafunzi. Tunawaita kedi. Kedi analipwa kwa raundi. Mvua ikinyesha siku nzima, hajala. Huyu ndiye anayejua nyasi ya shimo la tatu inavutia upande gani asubuhi na upande gani mchana. Ndiye anayemwambia daktari na wakili atumie fimbo namba ngapi, na akikosea daktari, lawama ni za kedi. Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walianzia hapo, akiwemo Dismas Indiza wa Mumias. Yaani vipaji tulivyo navyo vimepenya kupitia mlango wa nyuma, kwa fimbo za kuazima, siku ambayo wanachama hawachezi. Tujiulize wangapi hawakupenya.

Wanaotetea hali ilivyo watanielekeza kwenye Safari Tour, mashindano ya ndani yanayowapa Wakenya nafasi za kuingia Open, na siku hizi kuna mzunguko wa Afrika Mashariki ulioungana na wenzetu wa kusini. Ni kweli, na ni jambo jema, na sitaki kulidharau. Lakini pima uzito wake. Tazama Afrika Kusini wanavyofanya. Wana Sunshine Tour tangu miaka ya sabini, msimu mzima wa kwao, nyumbani, na wanaoongoza msimu wanapewa kadi ya kuingia DP World Tour. Kruyswijk hakuanguka kutoka mbinguni pale Muthaiga. Alipanda ngazi hiyo kipandio kwa kipandio, kwa miaka. Harding vilevile, van Tonder vilevile. Wao walijenga ngazi kisha wakaalika wageni. Sisi tulialika wageni, tukapamba sebule, na ngazi tukaiweka kwenye orodha ya mambo ya baadaye.

Na utalii? Hii ndiyo hoja wanayoipenda zaidi maofisini: kamera zinaonyesha Nairobi kwa dunia, twiga na nyasi na jua la Februari. Nakubali kwamba tangazo ni tangazo. Kama ni tangazo basi liitwe tangazo, lilipiwe kwa bajeti ya matangazo, na lipimwe kama tangazo: wageni wangapi, vitanda vingapi. Lisije likajificha ndani ya hotuba za kukuza michezo. Kwani hata wanawake walipata lao, Magical Kenya Ladies Open kule Vipingo, akashinda Esther Henseleit 2019, Aditi Ashok 2023, Shannon Tan 2024. Mashindano mazuri sana. Msichana wa Kilifi aliyeyatazama kutoka nje ya ua alibakiwa na nini walipoondoka?

Kuna kitu kimoja kinanichekesha, cheko la uchungu. Nyasi inayofunika viwanja vingi vya gofu duniani, kuanzia Afrika Kusini hadi Riviera kule Los Angeles, inaitwa kikuyu. Ilitoka nyanda hizi zetu za juu, ikapewa jina la watu wa hapa. Watangazaji wa Marekani wanaitaja kila mwaka, wakilalamika jinsi inavyoushika mpira. Nyasi yetu imezunguka dunia bila viza. Watu wetu hawajavuka Kiambu Road.

Na usiniambie ua haung'oleki. Msitu wa Karura unapakana na ujirani huohuo. Miaka ya tisini ulikuwa unagawiwa watu wa serikali kama keki. Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale Januari 1999 kwa kuukatalia. Leo unalipa kiingilio kidogo, unaingia na watoto na baiskeli, na watu wa Parklands, Huruma na Runda wanapishana kwenye njia moja. Msitu haukufa kwa kufunguliwa.

Kwa hiyo nataka yafuatayo, na nayataka yaandikwe kwenye mkataba, yasiishie kwenye hotuba ya Jumapili jioni wakati wa kukabidhi kombe. Kila shilingi ya umma inayoingia wiki ile, shilingi nyingine kama hiyo iende kwenye msimu wa ndani: mashindano ya mwaka mzima, yenye zawadi ambazo mchezaji wa kulipwa wa Kenya anaweza kuishi kwazo bila kurudi kufundisha wanachama ili apate kodi ya nyumba. Klabu inayotaka kuandaa Open ifungue uwanja siku moja kila wiki kwa kedi wake na kwa shule za umma za jirani, na siku hiyo isiwe ile ya kunyunyiza dawa. Na kaunti itafute ardhi ya uwanja wa umma hata wa mashimo tisa. Golf Park ya Ngong Racecourse imeonyesha kwamba watu hucheza bila kudaiwa uanachama, lakini kutoka Mathare hadi Ngong Road na fimbo begani ni safari ya matatu mbili.

Klabu zikikataa, basi wanachama wagharamie mashindano yao wenyewe, uwezo wanao. Na wizara ikisema haiwezi kuyadai haya kwa sababu Dubai na London hawatakubali, ituambie hivyo waziwazi, ili tujue ni nani anayeandaa Kenya Open na ni nani anayekodisha uwanja tu.