Karatasi ya Bei ya Taimingi: Ni Haki au Si Haki?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme neno juu ya jambo lililowagusa wanachama wengi wa Tarime na Serengeti mifukoni, nalo ni bei tunazoandikiwa na makampuni ya magari taimingi ya injini inapoharibika. Mwanachama mwenzetu mmoja wa Mugumu, karani ambaye sina haja ya kumtaja jina, alikuwa akirudi kutoka Tarime kwa njia ya Nyamongo. Alipokwisha kuvuka Mto Mara, motokaa yake, Noah ya zamani ya petroli, ikazima ghafula, wala haikuwaka tena. Ikavutwa mpaka Mwanza, kwa kampuni moja iuzayo magari na kuyatengeneza. Siku ya tatu akapokea karatasi yenye mstari mmoja tu: kutengeneza taimingi ya injini, shilingi 1,950,000.

Karatasi ile ilisomwa barazani kama barua ya msiba. Nusu ya waliokuwapo walisema kampuni ile ni wezi, maana fundi wa chini ya mwembe pale Tarime angeifanya kazi hiyo kwa laki tatu. Nusu nyingine wakasema alipe, maana kampuni ina vitabu na mitambo, nasi ni nani hata tuisahihishe? Mwenyewe alikuwa tayari kukopa katika chama cha akiba na mikopo, deni ambalo lingekatwa katika mshahara wake mwaka mzima na zaidi, hali mtoto wake angoja ada ya shule.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikosa, nazo zilikosa kwa namna moja: zilitazama jumla. Bei ya karibu milioni mbili yaweza kuwa ya haki, na ya laki tatu yaweza kuwa dhuluma. Karatasi yapasa kuvunjwa vipande, na kila kipande kiulizwe kimetoka wapi. Hapa ndipo ninapoona aibu kwa ajili yetu sisi makarani. Vocha ya mtu mwingine ikija mezani bila mchanganuo twairudisha siku ile ile kwa wino mwekundu. Ya kwetu wenyewe twailipa tukiwa tumefumba macho, au twaitukana, lakini kuikagua hatuikagui.

Kwanza sharti tujue tunalipia nini. Injini ina shafti mbili zinazotuhusu. Ya chini, yaani krenki, huzungushwa na pistoni. Ya juu, yaani kemshafti, hufungua na kufunga valvu ziingizazo hewa na kutoa moshi. Krenki ikizunguka mara mbili, kemshafti sharti izunguke mara moja, si zaidi wala si pungufu. Injini ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 25 katika sekunde moja. Kinachozifunga shafti hizo mbili zisikosane ni mkanda wa mpira wenye meno, au cheni ya chuma. Mkanda ukiruka jino, injini hukosa nguvu na kutetemeka. Ukikatika, injini huzima kama ilivyozima ya ndugu yetu.

Basi kabla ya kuuliza ni bei gani, uliza ni injini gani. Land Cruiser nyingi zinazobeba wagonjwa na maofisa katika wilaya zetu, zile zenye injini ya dizeli ya 1HZ ya silinda sita, hutumia mkanda, na nyingi huwasha taa ya mkanda mbele ya dereva zinapotimiza kilometa 100,000. Probox na IST zenye injini ya 1NZ hutumia cheni, nayo haikuwekewa kilometa za kubadilishwa. Huishi kwa oili safi na hufa kwa oili chafu. Hata pikipiki zetu za Boxer zina cheni ndogo ya namna hiyo ndani ya injini. Karatasi ikidai mkanda kwa injini yenye cheni, hakuna haja ya kusoma mstari wa pili.

Jambo la pili ndilo lenye fedha nyingi, nami naomba wasomaji wanivumilie. Mkanda ukikatika, kemshafti husimama, na valvu nyingine hubaki zimefunguka, hali pistoni bado zapanda kwa nguvu ya mwendo. Katika injini za dizeli nafasi iliyo juu ya pistoni ni nyembamba mno, kwa hiyo pistoni huzigonga valvu na kuzipinda; ndipo hedi hufunguliwa, na gharama huruka. Injini ya 1NZ nayo ni ya namna hiyo, cheni yake ikikosea. Lakini ziko injini zilizoachiwa nafasi, ambazo mkanda hukatika na valvu zisiguswe. Mojawapo ni 3S-FE ya petroli, nayo ndiyo iliyokuwa katika Noah ya ndugu yetu.

Mnaona sasa? Nilimwandikia aulize swali moja tu: hizi shilingi 1,950,000 zimo gharama za kufungua hedi na kubadili valvu, au hazimo? Jibu likaja kwamba zimo. Akauliza tena kama hedi imekwisha kufunguliwa, au msukumo wa hewa katika silinda umekwisha kupimwa. Jibu likaja kwamba bado, ila ndiyo desturi yao kuandika hivyo mkanda unapokatika. Sitaki kuwaita wezi. Mtu aliyezoea dizeli huandika kwa mazoea ya dizeli, nasi pia hunakili barua ya jana tukabadili tarehe. Walakini uvivu wa kalamu yake ungemgharimu karani mshahara wa miezi mingi.

Namna ya haki ni kuandika bei kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kufunga mkanda mpya na kupima msukumo wa kila silinda. Hatua ya pili, ikiwa kipimo kimeonyesha kasoro, ni kufungua hedi, na mwenye gari aulizwe kwanza. Kampuni ikidai fedha za valvu kabla ya kupima, yabashiri. Na fundi aandikaye bei ya mkanda tu kwa dizeli iliyokatika mkanda, bila kumwonya mwenye gari kwamba valvu huenda zimepinda, huyo naye amdanganya, ijapokuwa bei yake yapendeza.

Jamaa wa baraza hupenda kulalamika wakiona pampu ya maji imeandikwa katika karatasi ya taimingi. Mara nyingi hawana haki. Katika 3S-FE pampu ya maji huzungushwa na mkanda huo huo, na kuifikia sharti ufungue vifuniko vile vile. Ukibadili mkanda leo na kuiacha pampu ya zamani, nayo ikavuja baada ya miezi sita, utalipa ufundi mara ya pili kwa kazi ile ile. Kadhalika gurudumu la kukaza mkanda, ambalo mafundi huliita tenshena, na sili za oili zilizo nyuma yake. Vitu hivi vikiwa pamoja, tazama kwamba ufundi umehesabiwa mara moja, si kila kitu kwa ufundi wake. Lakini ukiona pampu ya maji katika karatasi ya taimingi ya Land Cruiser ya 1HZ, uliza sababu, maana pampu ya injini ile haizungushwi na mkanda wa taimingi. Yamkini inavuja na yataka kubadilishwa. Basi waseme hivyo.

Ufundi wenyewe uandikwe kwa saa na bei ya saa. Kampuni za magari zina vitabu vya kuonyesha kazi gani huchukua saa ngapi, kwa hiyo si jambo la kubahatisha. Saa moja ya kampuni ya mjini itakuwa ghali kuliko saa ya fundi wetu, nami sioni dhuluma hapo. Inalipa kodi ya nyumba, ina vifaa vya kushika shafti zisizunguke wakati mkanda ukitoka, na kazi ikiharibika kuna mlango wa kugonga. Dhamana hiyo iandikwe: miezi mingapi, kilometa ngapi, na kwamba ni ya vifaa na ufundi pia. Dhamana isiyoandikwa isihesabiwe katika bei.

Kuhusu vifaa, sisi wa Tarime tuna jaribu letu, nalo ni Sirari. Mtu akiona bei ya mkanda ya kampuni, huvuka mpaka hadi Isebania akarudi na mkanda wa nusu bei, wenye jina zuri juu ya boksi. Vingine ni vizuri, vingine ni boksi tu. Mwenye kununua ng'ombe mnadani humfungua kinywa akatazama meno, lakini mkanda huu huufungua akiwa amekwisha fika nyumbani. Iombe kampuni iandike namba ya kila kifaa na jina la aliyekitengeneza. Kwa namba hiyo waweza kuuliza bei katika maduka matatu ya Mwanza kwa simu, ukilinganisha kitu na kitu chenziwe. Kulinganisha mkanda wa kiwandani na mkanda usiojulikana ulikotoka si kulinganisha.

Tena jumla iseme kama kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 imo au haimo, na stakabadhi itoke katika mashine ya kodi. Sisi tulio watumishi hatuna udhuru wa kulisahau hilo. Magari ya Serikali yana njia yake, maana Wakala wa Ufundi na Umeme ulioanzishwa mwaka 2005 ndio wenye kuyashughulikia. Lakini karani apitishaye karatasi yake aweza kuuliza maswali haya haya, maana gari la wagonjwa lisimamapo Mugumu kwa kungoja valvu zisizopinda, atakayengoja ni mama mjamzito.

Sasa nirudi kwa ndugu yetu. Kampuni, na hapa naisifu, ilikubali kupima kwanza. Silinda zote nne zikaonekana nzima. Ikaandika karatasi mpya: mkanda 95,000, tenshena na bearingi 140,000, pampu ya maji 160,000, sili za oili 60,000, maji ya rejeta 50,000, ufundi saa tano kwa 45,000, yaani 225,000. Jumla 730,000, na kodi 131,400, yote 861,400. Hizo ni bei za karatasi ile, wala sisemi kila mtu atazipata. Ilipungua kwa shilingi 1,088,600 kutoka karatasi ya kwanza, kwa barua mbili na simu moja.

Ile bei ya laki tatu ya chini ya mwembe ilikuwa ya mkanda na ufundi tu. Mkanda wa zamani ulipotolewa ulikutwa umelowa oili iliyovuja katika sili ya kemshafti, na mpira umevimba. Mkanda mpya uliofungwa juu ya sili ile ungeoza vile vile, nao huenda ungemwacha njiani katika masika, usiku, na watoto ndani. Tena chini ya boneti haikuwapo ile karatasi ndogo ambayo mafundi wa Japani hubandika, yenye tarehe na kilometa za kubadilisha mkanda. Nayo maandishi yake hatuyajui, lakini tarakimu twazijua. Yamkini mkanda ule ulikuja nao kutoka huko, na kilometa za saa ya gari hakuna awezaye kuziapia.

Alikopa, lakini alikopa kidogo, na ada ya mtoto ililipwa kwa wakati. Aliomba apewe vifaa vya zamani, akapewa vyote katika boksi la mkanda mpya. Mkanda wenyewe ameutundika kwa msumari ofisini kwake Mugumu, umekatika na meno yamenyofoka, na kila mwanachama apitaye na karatasi ya gereji mkononi huambiwa kwanza akaushike.

Wasalaam,
Ni mimi mwanachama,
Karani wa Hesabu, Tarime