Tuulize Sufuria Kabla ya Kumshuku Jirani



Watu wakila arusini au matangani, kisha usiku wakatapika na kuhara, mara nyingi husemwa kwamba wamelishwa sumu. Hutafutwa aliyepika, aliyepakua, au mwenye ugomvi na wenye shughuli. Undugu huvunjika na mama mmoja huitwa mchawi. Maoni yangu ni kwamba tungeuliza kwanza maswali matatu: Chakula kilipikwa saa ngapi? Kililiwa saa ngapi? Kiliwekwa wapi katikati ya saa hizo?

Ni kweli sumu huweza kuwamo, lakini mara nyingi watengenezaji wake ni vijidudu viitwavyo bakteria. Havionekani kwa macho. Katika chakula chenye uvuguvugu kijidudu kimoja huweza kugawanyika kuwa viwili kila dakika 20. Kwa mwendo huo, baada ya saa 7 huwa zaidi ya 2,000,000. Basi wali uliopikwa saa kumi na moja alfajiri, ukafunikwa kwa majani ya mgomba, ukaliwa saa nane mchana, umekaa saa 9 za kuzalisha vijidudu.

Wengine husema, "Tutaupasha moto." Kupasha moto ni kuzuri, lakini hakutoshi. Katika wali kuna aina ya bakteria yenye mbegu ngumu zisizokufa hata maji yakichemka. Wali ukipoa polepole, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu. Aina nyingine hukaa puani, katika majipu na katika vidonda vya mikono, nayo huingia chakulani kwa mkono wa mpishi. Sumu za aina hizi mbili haziondoki kwa kuchemshwa. Mtu huweza kutapika baada ya saa 1 hadi 6 tu. Na chakula hicho huenda hakinuki wala hakijabadilika ladha.

Tufanye nini, nasi wengi hatuna jokofu?

1. Tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kupika na baada ya kutoka chooni. Mwenye jipu au kidonda mkononi, au anayehara, asipike.

2. Kachumbari isikatwe kwa kisu na ubao wa kukatia nyama mbichi kabla havijaoshwa kwa sabuni.

3. Nyama, kuku na mayai viive mpaka ndani.

4. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila moto. Kibaki juu ya makaa, kikitoa mvuke.

5. Kwenye shughuli tupike kwa zamu, sufuria baada ya sufuria, karibu na saa ya kula.

6. Nyumbani tupike kinachotosha. Kiporo cha wali kilicholala nje ya jokofu tusimpe mtoto.

Najua kutupa chakula kunauma, hasa mwezi wa njaa. Lakini sahani moja ya kiporo ikimwangusha mtoto, nauli na siku za shamba zinazopotea huzidi bei ya wali ule. Hasara kubwa zaidi ni kumpoteza mtoto mwenyewe.

Mtu akianza kuhara, maji ya mwili hupungua upesi. Mpe maji ya chumvi na sukari: vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Pakiti ya zahanati ni bora zaidi. Mtoto aendelee kunyonya. Tusimpe dawa ya kuzuia kuhara. Tumkimbize zahanati akiwa na damu kwenye choo, homa kali, macho yaliyoingia ndani, akiwa hakojoi, amelegea, au anatapika kila anywacho.

Sikatai kwamba sumu ya dawa za mimea huweza kuingia chakulani. Hilo lichunguzwe na zahanati na polisi, si baraza la uvumi.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wazee wetu kandokando ya redio, wakajifunza, kisha wakachimba vyoo. Hawakungoja mtu wa mjini aje kuwachimbia. Nasi kamati za arusi na matanga zikigawana kazi, zimteue pia mtu mmoja wa kuangalia saa ya chakula. Kazi hiyo haina gharama, nayo huokoa maisha na ujirani.