Kabla ya Kupanda Kilimanjaro, Osha Viatu

Wazazi wenzangu, likizo inakaribia. Baadhi yetu, baada ya kuwasalimu wazee nyumbani, tutawapeleka vijana kupanda Mlima Kilimanjaro. Viatu vilivyokanyaga nyasi za London mwezi Juni ndivyo vitakavyokanyaga njia ya Marangu mwezi Julai. Hapo ndipo penye jambo.

Kuna nyasi fupi iitwayo Poa annua. Asili yake ni Ulaya, na hapa Uingereza huota hata kwenye nyufa za njia za miguu. Watafiti wameikuta Kilimanjaro pia, kandokando ya njia za watalii na kwenye kambi zilizo juu ya msitu. Mbegu zake ni ndogo, hunasa kwenye tope la soli. Palipokanyagwa sana mimea ya asili hufa, na mgeni hupata nafasi.

Baridi ya mlimani huwa ni mlinzi: magugu mengi ya tambarare hayaiwezi. Joto likizidi, mlinzi huyo hulegea. Wenyeji kama Dendrosenecio kilimanjari, wenye shina nene na majani yaliyofungana kileleni kama kabichi, hawaoti kwingine duniani. Wakishindwa hapo, hawana mlima wa pili wa kuhamia.

Ungedhani joto lingepandisha msitu juu zaidi. Kilimanjaro imekuwa kinyume. Ukame umeongezeka, na moto, ambao mara nyingi chanzo chake ni binadamu, umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita. Mlima uliwaka Oktoba 2020, ukawaka tena Oktoba 2022. Miti ya jamii ya Erica inayoungua huko juu hunasa ukungu na kuudondosha ardhini kama maji. Ikitoweka, hasara hiyo huelekea chini, kwenye mifereji na migomba ya Wachagga.

Basi kabla ya kufunga mizigo, wapeni watoto brashi na ndoo ya maji. Wasugue soli, wakung'ute mikunjo ya suruali, wachambue mbegu kwenye soksi na mikoba. Mkifika, msitoke nje ya njia, wala msiache moto nyuma yenu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mgeni huyu wa kwenye soli, mwenyeji haponi.