Msimnyang'anye Mgonjwa wa Parkinson Kazi Yake

"Mwacheni mzee apumzike." Kauli hii hutamkwa kwa upole mkubwa, na sijui nyingine inayomuumiza zaidi mgonjwa wa Parkinson. Daktari akishautaja ugonjwa, nyumba nzima huanza kumpunguzia kazi: seremala anafichiwa randa, msusi wa ukili anaambiwa vidole vyake vimeshafanya kazi ya kutosha, mwalimu mstaafu haletewi tena wajukuu awafundishe hesabu. Anawekewa kiti barazani, na tangu siku hiyo kazi yake ni kutazamwa.

Nyuma ya upole huo ipo imani kwamba mkono unaotetemeka umekwisha. Mwili wenyewe unaikanusha. Parkinson huua seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo mwili huihitaji ili kuanza mwendo na kuuendeleza. Mtetemo wake uliozoeleka huonekana zaidi mkono ukiwa umetulia mapajani. Mgonjwa akiunyoosha kushika kitu, kwa wengi hupungua. Kwa hiyo tunamketisha bila kazi, tunautazama mkono ukitetemeka katika hali ileile tuliyomweka, kisha tunasema: mnaona, hawezi.

Ugumu upo, tena mkubwa. Mwendo huwa wa polepole, viungo hukakamaa, mwandiko huwa mdogo, sauti hufifia, na uso hukosa mabadiliko hata mgeni akadhani mwenyeji wake amenuna. Upo uchovu usioondoka kwa usingizi. Ipo huzuni nzito ambayo mara nyingi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe wala si upungufu wa imani, nayo inahitaji tiba. Simwambii mtu ajikaze. Ninachokipinga ni sisi wazima kuamua, bila kumuuliza, kwamba kilichobaki hakifai.

Mtazameni bondia Muhammad Ali. Tunamkumbuka ulingoni Kinshasa mwaka 1974, kisha tunaruka hadi Atlanta 1996, alipowasha mwenge wa Olimpiki kwa mkono unaotetemeka, tukamwonea huruma. Tunayoyaruka ndiyo makubwa. Aliambiwa ana ugonjwa huu mwaka 1984. Mwishoni mwa 1990 alisafiri hadi Baghdad, akaonana na Saddam Hussein, akarudi na Wamarekani 15 waliokuwa wameshikwa mateka. Mtu huyo, kwa mantiki yetu, alistahili kiti barazani.

Huko Brooklyn, Marekani, kundi la dansi la Mark Morris lilianza mwaka 2001 kuwafundisha dansi watu wenye Parkinson, na wanaofundisha ni wachezaji wenyewe. Mdundo una kazi ya kweli hapa: mgonjwa ambaye miguu imemgandia mlangoni mara nyingi hupata hatua akipigiwa makofi au akihesabiwa. Nasi watu wa pwani, ambao hatuna harusi isiyo na ngoma, ndio tunaomwacha nyumbani siku ya harusi tukihofia macho ya watu!

Zaidi ya hapo, wagonjwa wengi hata jina la ugonjwa wao hawalijui. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta wagonjwa walio wengi hawakuwahi kutambuliwa. Kwa watu hao kila kitu huitwa uzee, au husemwa wamerogwa, na dawa haiwafikii.

Dawa ina maana kubwa katika hoja yangu. Levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, ina saa zake: hushika, mwili ukalegea, kisha nguvu zikapungua hadi dozi ifuatayo. Mgonjwa huzijua saa zake nzuri kuliko mtu yeyote. Saa hizo ndizo za kushona, kuchora, kutunga mashairi, kupanga hesabu za duka. Wala sidai kwamba ugonjwa huleta kipaji. Baadhi ya dawa zake huweza kuzua hamu isiyozuilika, ikiwemo ya kamari, hivyo mtu akianza ghafla kuchora usiku kucha asilale, daktari aambiwe.

Basi mwulizeni saa zake ni zipi. Kama alikuwa fundi cherehani, cherehani irudishwe chumbani kwake wiki hii, na wateja waambiwe nguo itachelewa. Msiseme mtairudisha akipona, kwa maana tiba ya kuuondoa ugonjwa huu haijapatikana, na ana miaka mingi ya kuishi nao.