Kabla hujamlipa fundi wa tovuti, jifunze HTML kidogo

Wafanyabiashara wenzangu, leo naongea na wewe unayetaka kutengenezewa tovuti.

Mimi nauza mikoba na viatu. Nilimlipa fundi laki tatu na nusu, akanitengenezea tovuti kali, picha zinateleza, maandishi yanacheza. Namtumia mteja linki, ananijibu, "Dada, haifunguki, inanimalizia bando." Nikajua ni simu yake. Mteja wa tatu aliposema hivyo hivyo, nikashtuka. Namtafuta fundi, hapokei. Kumbe hata jina la tovuti kalisajili kwa jina lake!

Hapo ndipo nikaanza kujifunza, na elimu yangu ya kidato cha nne. Nilianzia W3Schools kwa simu, maana unaandika na kuona matokeo palepale, hupakui kitu. Halafu nikaingia freeCodeCamp, masomo ni bure na unajenga kurasa mwenyewe. Kiingereza kikinishinda, naangalia mfano.

Nilichoelewa ni hiki. HTML ni bidhaa na meza: jina, bei, picha. CSS ni rangi na mpangilio. JavaScript ndiyo inayofanya vitu vicheze. Duka dogo kama letu linaenda vizuri na hizo mbili za kwanza.

Na tatizo langu nililiona mwenyewe: picha ziliwekwa kama zilivyotoka kwenye kamera. Picha 20, kila moja MB 4, ni MB 80. Nani amalize bando lake kuangalia viatu?

Nikaingia Squoosh, ni bure. Nikapunguza upana wa kila picha hadi pikseli 800, nikahifadhi kwa WebP. Nyingi zikashuka chini ya KB 100, zote 20 zikawa kama MB 2 tu. Picha za chini ya ukurasa nikaziongezea loading="lazy", zifunguke mteja akizikaribia. Kitufe cha oda ni linki ya wa.me/ halafu namba yako kuanzia 255, bila alama ya kujumlisha wala ile sifuri ya mwanzo. Ukikosea hapo, oda haifiki.

Sisemi usimlipe fundi. Ukitaka wateja walipie humo humo kwenye tovuti, mwite, hiyo ni kazi yake. Ila ujue unanunua nini. Muulize maswali matatu: picha zina uzito gani? Jina la tovuti limesajiliwa kwa nani? Bei nikitaka kubadilisha mwenyewe, naingilia wapi? Fundi wa kweli hakasiriki kuulizwa. Anayekasirika, shika hela yako.

Leo zima WiFi, fungua tovuti yako kwa bando, uhesabu sekunde. Wewe mwenyewe ukichoka kusubiri, mteja alishaondoka zamani.