Indiketa za kutembea: Urembo wa ndai au hatari barabarani?

Simama jioni kando ya Thika Road, upande wa Membley, utaziona. Vitz inakata kona kuingia mtaani, na badala ya indiketa kuwaka na kuzima tu, mwanga wa rangi ya chungwa unatembea kutoka ndani kwenda nje. Inapendeza, hakuna ubishi.

Mtindo wenyewe ni wa kitambo. Nchini Marekani, Ford Thunderbird ya 1965 ilikuwa na indiketa hizo, zikiendeshwa na mota ndogo. Miaka ya 2010 Audi ikaufufua, kisha Toyota ikaziweka kwenye Harrier ya 2017. Mwenye gari la bei nafuu naye anatamani, na fundi wa mtaani yuko tayari kumfungia.

Lakini indiketa si pambo. Ni maneno unayomwambia aliye nyuma yako, na kuna njia kadhaa za kuyaharibu.

Ya kwanza ni waya. Balbu ya kawaida ya indiketa hula wati 21. LED hula kidogo sana, kwa hivyo mfumo wa gari hudhani balbu imeungua na indiketa inaanza kupepesa mbio. Ili kuituliza, fundi huunga rezista. Hiyo hupata moto sana, na ikibanwa kwenye plastiki inaweza kuiyeyusha.

Ya pili ni muda. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka mstari wote uwe umewaka ndani ya milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, aliye nyuma husonga takriban mita 4.4 katika muda huo. Taa ikijikokota nusu sekunde, atakuwa amesonga mita 11 kabla ya kuona ishara nzima. Kama ni mtu wa boda, hizo mita ndizo breki zake.

Ya tatu ni kioo. Ukikipaka rangi nyeusi ili gari likae kali, saa sita mchana hakuna anayeona kitu.

Mwaka 2025, NTSA ilipendekeza kanuni za ukaguzi zitakazogusa magari ya kibinafsi yenye zaidi ya miaka minne. Wengi walilalamikia gharama, na wana haki. Ila hapa kuna nafasi: mkaguzi apime rangi, kasi na mwangaza wa taa, badala ya polisi kumsimamisha kijana kwa sababu tu gari lake linang'aa. Mwenye kazi safi apite.

Kwa sasa, jipime mwenyewe. Kabla hujamlipa fundi, mwambie beshte akae kwenye usukani. Wewe rudi nyuma hatua hamsini, jua likiwa kali. Usipojua mara moja gari linaelekea wapi, usitoe pesa bado.